Safari ya Mumias na Uadilifu wa Betri Mbili



Tangu turejee kutoka Mumias, akina mama wa mtaani humsimamisha mke wangu njiani na kumuuliza: mlimpelekaje bibi wa miaka 79 mwendo wa kilomita zipatazo 900, naye ana maradhi ya sukari, na mgongo wake hauwezi kukaa kitako saa mbili mfululizo? Wanaume nao hunijia mimi baada ya swala ya isha na kuuliza kuhusu lile basi: umeme wake hutoka wapi, na friji ilifanyaje kazi usiku injini imezimwa? Nimeona niyajibu maswali yote mawili pamoja, kwa sababu kwetu sisi yalikuwa swali moja. Mama asingeweza kusafiri bila ya dawa yake, na dawa isingeweza kusafiri bila ya baridi.

Kisa chenyewe ni hiki. Mama ana mdogo wake wa kike aliyeolewa Mumias karibu miaka hamsini iliyopita. Wasomaji wetu wazee wanajua kwamba mji huo si mgeni kwa watu wa pwani. Kabla ya reli kuanza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901, misafara ya wafanyabiashara wetu ilikuwa ikienda kwa miguu hadi kwa Nabongo Mumia, mtawala wa Wawanga. Baadhi yao waliowa huko, wakajenga, wakazikwa huko. Ndiyo maana hata leo ukiingia Mumias utasikia adhana na utasikia Kiswahili, na huko hakuna bahari. Mama alikuwa hajamwona mdogo wake kwa miaka kumi na moja. Siku moja alisema, bila ya kulalamika, kwamba angependa wakutane kabla mmoja wao hajaitwa. Neno kama hilo likitoka kinywani mwa mzazi halingojei mwaka wa pili.

Ndege aliikataa, na hakuna aliyemlazimisha. Treni ya kwenda Nairobi ni nzuri, lakini ni saa tano za kukaa, na baada yake bado ipo safari ndefu ya barabara. Mtoto wa ndugu yangu ana basi dogo la Mitsubishi Rosa ambalo zamani lilikuwa la wanafunzi. Aling'oa viti vya nyuma, akaweka kitanda cha kudumu, pazia zito la kutenga upande wa wanawake, jiko dogo la gesi, choo cha ndoo chenye kifuniko cha kukaza, na friji ndogo. Wazungu wana magari ya aina hii yaliyojengwa kiwandani kwa kazi hiyo. Letu lilijengwa na fundi seremala na fundi wa umeme, kila mmoja kwa nafasi yake. Tuliondoka watu saba: Mama, mke wangu, binti zetu wawili, mtoto wa ndugu yangu, mimi, na dereva, mzee wa Kisauni aliyeendesha malori ya masafa marefu kwa zaidi ya miaka thelathini.

Nianze na umeme, kwani ndio ulionifunza zaidi.

Kanuni ya kwanza ambayo kila familia yenye nia ya safari kama hii iishike ni kwamba betri za kuwashia injini na betri za matumizi ya nyumbani zisiwe kitu kimoja. Betri ya kuwashia injini imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha kujazwa tena. Ukiifanya iwashe taa na feni usiku kucha, alfajiri utakuta gari haliwaki, nawe uko mahali usipomjua mtu. Kwetu jambo hilo lilikuwa limetengwa vizuri. Basi lilikuwa na betri zake mbili za injini, na chini ya kitanda zilikuwapo nyingine mbili za nyumba, kila moja ya volti 12 na ampea-saa 100, zimeungwa kwa mfululizo zikafanya volti 24. Juu ya paa palikuwa na paneli ya sola ya wati 200.

Kanuni ya pili ni hesabu, na hapa nampa mke wangu haki yake. Yeye ndiye aliyeshika daftari. Alisema umeme wa gari ni kama unga wa mwezi: anayepika bila ya kupima hulala na njaa tarehe 25. Aliandika kila kitu kinachokula umeme, wati zake na saa zake. Friji hula takriban wati 45 inapounguruma, na katika joto letu huunguruma kiasi cha saa 10 katika 24. Hizo ni wati-saa 450. Taa tatu ndogo, wati 5 kila moja kwa saa 4, ni 60. Feni ya Mama, wati 15 kwa saa 8, ni 120. Simu nazo tukazikadiria 60. Jumla 690. Paneli ya wati 200 ikipata jua kali la saa 5 hutoa kiasi cha 1,000 kwenye karatasi, lakini joto, vumbi na nyaya huchukua sehemu yao, hivyo tukahesabu 700. Betri mbili zikijaa hubeba wati-saa 2,400, na betri za asidi haifai kuzitumia zaidi ya nusu kama unataka ziishi. Basi akiba yetu ilikuwa 1,200, yaani chini kidogo ya siku mbili za mawingu. Pasi ya umeme na birika la umeme yalibaki nyumbani. Birika moja hula wati 2,000 au zaidi, na chai yake hutoka vilevile kwenye gesi.

Kwa hesabu hiyo tulikuwa salama, na kipimo cha ukutani kilituonyesha hivyo. Friji ilijaribiwa siku tatu uani kabla ya safari, ndani yake mna kipimajoto, nayo haikuonyesha kasoro. Tukaondoka baada ya swala ya alfajiri, tukapita Mariakani na Maungu polepole, Mama amelala, na mchana tukawa Voi. Dereva alikataa kuendelea zaidi siku hiyo kwa sababu ya Mama. Tuliomba ruhusa katika kituo kimoja cha mafuta chenye mlinzi na taa, tukaegesha humo. Hili nalo nalisisitiza kwa familia: msilale kando ya barabara kuu, hata ikiwa mahali panaonekana patulivu. Ombeni ruhusa, mjulikane, na gari lielekee njia ya kutokea.

Usiku kama saa nane mke wangu aliamka kumpa Mama maji, akasikia kimya. Friji ilikuwa imezimika. Taa ziliwaka, feni ilizunguka, na kipimo cha ukutani kilisema volti 24.6, yaani zaidi kidogo ya nusu. Kila kitu kizima isipokuwa kile kimoja tulichokihitaji. Tena akasema jambo ambalo sisi wanaume hatukulitilia maanani: tangu jioni alikuwa anasikia harufu ya mayai viza upande wa kitanda.

Hapa niseme kuhusu insulini, kwani najua nyumba nyingi zina mgonjwa wa sukari. Chupa ambazo hazijafunguliwa huwekwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Zisigandishwe kamwe, kwani insulini ikiganda imekwisha kazi yake hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Kwa hiyo zisiguse ukuta wa friji unaotengeneza barafu. Ile iliyofunguliwa, kwa aina nyingi, hukaa salama nje ya friji takriban wiki 4 mahali pa kivuli pasipozidi kiasi cha nyuzi 25 hadi 30, kwa kadiri karatasi yake inavyosema. Muulizeni daktari au mfamasia kuhusu aina yenu. Kwa hiyo friji kuzimika usiku mmoja si msiba. Msiba ni basi la bati kuachwa kwenye jua la Voi saa saba mchana, ndani kumefungwa.

Mama mwenyewe ndiye aliyekuwa na jibu. Tangu mwanzo alisisitiza tuchukue mtungi, nasi tukadhani ni mapenzi ya maji ya mtungi. Aliagiza dawa zitiwe katika kibuyu kikavu cha plastiki chenye mfuniko, kiwekwe ndani ya mtungi mtupu, mtungi uzungushiwe kitambaa cha pamba kilichorowa, uwekwe kivulini penye upepo, na kitambaa kirowekwe kila kinapokaribia kukauka. Maji yanapovukizwa huondoka na joto, na kwenye hewa kavu ya bara mtungi hufanya kazi vizuri kuliko hapa pwani penye unyevu. Mtungi haufikii ubaridi wa friji, lakini hupunguza nyuzi kadhaa, na hizo ndizo zinazookoa dawa. Asubuhi kipimajoto ndani ya mtungi kilisoma 23. Nje ilikuwa inakaribia 30.

Kulipopambazuka mtoto wa ndugu yangu alimleta fundi wa umeme wa magari, kijana wa makamo mwenye kipimo mkononi. Hakugusa friji. Aliinua kitanda, akapima betri moja moja. Ya kwanza ilikuwa na volti 12.9. Ya pili ilikuwa na 11.7. Ukijumlisha utapata zile 24.6 zilizokuwa zikitutuliza ukutani.

Alitueleza hivi. Friji yetu ilikuwa ya volti 12, na nyumba yetu ya volti 24. Aliyefunga umeme Mombasa, badala ya kutumia kifaa cha kupunguza volti, aliichomeka friji kwenye betri moja tu ya zile mbili, kwani betri moja ni volti 12 na friji itawaka. Ni kweli, iliwaka. Lakini betri zilizoungwa kwa mfululizo hujazwa pamoja kwa mkondo mmoja. Chaja haijui nani amechoka na nani ameshiba. Ile iliyobeba friji ilitoa kila siku zaidi ya ilichorudishiwa, ikawa inakonda. Mwenzake alitoa kidogo na kurudishiwa kingi, akashiba, kisha akaendelea kulishwa hadi akaanza kuchemka. Na hiyo ndiyo harufu ya mayai viza aliyoisikia mke wangu. Harufu hiyo, enyi akina mama, msiipuuze. Ni betri inayotoa hewa mbaya, na hewa itokayo kwenye betri inaweza kushika moto. Zima chaja, fungua madirisha, usiwashe kiberiti. Baada ya siku nne za namna hiyo, mmoja alikuwa anakufa kwa kazi na mwingine anaharibika kwa kushiba, na kipimo cha jumla kinasema mambo ni mazuri.

Fundi alizitenganisha, akaichaji ile dhaifu peke yake hadi karibu adhuhuri, akaiongezea ya pili maji ya betri, kisha akafunga kipunguza volti ili friji ivute kutoka kwa zote mbili kwa usawa. Akaweka fyuzi karibu kabisa na betri na kubadilisha waya mwembamba kwa mnene, akisema waya mwembamba unaopita chini ya godoro ni moto unaosubiri siku yake. Alituonya kwamba tukirudi tuzibadilishe zote mbili kwa mpigo, kwani betri mpya ikifungwa nira moja na betri kuukuu huburuzwa hadi kwenye udhaifu wa mwenzake. Na alimwachia binti yangu mdogo agizo: kila asubuhi kabla ya jua kupanda apime kila betri peke yake na kuandika.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Akasema kwa sauti ndogo, "Nyumba nyingi za mjini kwetu zimefungwa waya namna hii hii."

Neno hilo limenikaa. Mimi hukaa na familia zinazogombana, ni sehemu ya kazi yangu, na nimeliona jambo hili mara nyingi bila ya kuwa na jina lake. Mzazi ni mgonjwa, watoto ni sita. Ukiuliza, wote husema kwa ukweli kabisa: "Alhamdulillahi, mama yetu anatunzwa vizuri." Jumla ni sahihi. Lakini ukipima mmoja mmoja utakuta binti mmoja, mara nyingi yule ambaye hakuolewa au aliyeachika, ndiye anayeamka usiku, anayeosha, anayepika chakula kisicho na sukari, anayekaa kwenye foleni ya hospitali. Ndugu zake hutuma pesa na huja siku ya Idi. Siku binti yule atakapoanguka, watu husema hakuonyesha dalili yoyote. Dalili zilikuwapo, ila hakuna aliyempima peke yake. Na wale waliopumzishwa nao hawapati faida, kwani anayenyimwa fursa ya kumhudumia mzazi amenyimwa kitu ambacho hakirudi.

Asubuhi hiyohiyo, kabla injini haijawashwa, mke wangu alifungua ukurasa mpya katika daftari na kuigawa kazi ya Mama kwa majina: nani atapima sukari, nani ataamka usiku, nani atamsaidia chooni, nani atalowesha mtungi. Jina langu lilikuwamo, na la mtoto wa ndugu yangu pia.

Sasa niseme juu ya gari lenyewe, kwani umeme ukikamilika na breki zikawa mbovu hamfiki popote. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kwanza ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Dereva wetu alikuwa na namna yake ya kumfunga ngamia. Kila alfajiri, injini ikiwa baridi, alizunguka basi kwa mpangilio uleule. Mafuta ya injini kwa kijiti chake. Maji ya rejeta, ambayo hayafunguliwi kamwe injini ikiwa moto, kwani humrukia mtu usoni yakiwa yanachemka. Mafuta ya breki. Mkanda wa feni, aliubonyeza kwa kidole na kuutazama upande wa ndani kama una nyufa. Nati za magurudumu, moja moja kwa spana. Chini ya basi, kama kuna tone jipya. Kazi yote ilimchukua dakika kumi na tano, na alituambia kwamba katika maisha yake ya barabarani, magari mengi aliyoyaona yamekwama yalikwama kwa jambo ambalo dakika hizo zingelionyesha.

Magurudumu alishayakagua Mombasa kabla ya kukubali kazi. Tairi la akiba lilionekana jipya, meno yake kamili. Yeye alitafuta ubavuni zile namba nne: 0911. Maana yake ni wiki ya 9 ya mwaka 2011. Mpira huzeeka hata ukiwa haujatembea, na tairi kuukuu lenye meno mazuri hupasuka barabarani bila ya kuaga. Tulinunua jingine. Wanawake wengi huambiwa mambo ya tairi si yao. Lakini namba hizo nne anaweza kuzisoma mtoto wa darasa la tatu, na mama anayekodi gari la kuwapeleka watoto harusini ana haki ya kuinama na kuzisoma.

Usiku tuliolala Kericho ulikuwa wa baridi ambayo Mama hakupata kuijua. Mtu mmoja mwema alituletea jiko la makaa, limewaka vizuri, akasema tuliingize ndani na kufunga milango. Tulimshukuru na kuliacha nje. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, kaboni monoksaidi, na watu waliolala nayo chumbani hawaamki. Jenereta pia ni hivyo hivyo, na jiko la gesi si la kupashia joto pa kulala. Mtungi wa gesi wenyewe husimamishwa wima, hufungwa kamba usianguke, na hufungwa koki gari linapokwenda. Mama tulimvalisha soksi mbili na kumfunika mablanketi. Binti yangu mkubwa alitaka kumwekea chupa ya maji moto miguuni, mke wangu akakataa, na alikuwa na haki: miguu ya mwenye sukari huenda haihisi moto, ikaungua kimya kimya, na kidonda chake kikachukua miezi.

Kutoka Kericho barabara huteremka hadi tambarare za Ahero. Mtoto wa ndugu yangu alishangaa kumwona mzee akishuka kwa gia ileile ya chini aliyopandia, injini ikinguruma, malori madogo yakitupita. Mzee alimweleza kwamba breki hushika kwa msuguano, na msuguano ni joto. Anayekanyaga breki mteremko mzima huzichemsha, na mafuta ya breki ya zamani, ambayo yamekwisha kunyonya unyevu wa hewa, huchemka mapema zaidi na kufanya povu. Siku hiyo utakanyaga na mguu utafika chini bila ya kukuta kitu. Anayezima gia ili aokoe dizeli ameuza watu wake kwa bei ya lita moja. Injini ndiyo ishike gari, breki zibaki kwa haja. Tulishuka tukiwa wa mwisho kwenye foleni, na hakuna aliyelalamika.

Tulifika Mumias siku ya nne, kabla ya magharibi. Mama aliomba asibebwe. Alishuka ngazi za basi mwenyewe, mkono mmoja kwenye bega la binti yangu mdogo. Mdogo wake alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani, macho yake hayaoni vizuri tena, akauliza ni nani. Mama alijibu kwa jina la utotoni ambalo sisi sote hatukuwahi kulisikia. Waliobaki wawili barazani, sisi tulikwenda kuswali.

Pale nyumbani tulikuta mambo ambayo mke wangu aliyatambua kabla ya kikombe cha kwanza cha chai. Khalati ana watoto watano, wawili wako Nairobi, mmoja Eldoret, mmoja Busia. Wa tano, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, yuko naye peke yake mwaka wa sita sasa. Ndugu zake ni watu wema na hutuma pesa bila ya kukumbushwa. Yeye alikuwa amekonda, akicheka sana mbele ya wageni. Hatukuwahubiria. Usiku wa tatu, ndugu zake walipopiga simu kutuamkia, nilimwachia mke wangu azungumze, naye akawasimulia kisa cha betri za Voi tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na zile namba: 12.9, 11.7, na 24.6. Kulikuwa kimya kidogo upande wa pili. Kisha yule wa Eldoret akauliza, "Shangazi, dada yetu amelala saa ngapi leo?"

Tulikaa siku tisa. Kabla hatujaondoka wa Busia alikuja na mkewe kukaa mwezi mmoja, na dada yao tulirudi naye Mombasa ndani ya basi kupumzika na kuona bahari. Mama aliagana na mdogo wake bila ya maneno mengi. Njia nzima ya kurudi binti yangu aliendelea kupima betri kila asubuhi, moja moja, na tofauti haikuzidi volti 0.1.

Kwa familia yenye nia ya safari na mgonjwa, nafupisha: tengeni betri za injini na za nyumba, andikeni kila kinachokula umeme na mpime kwa kalamu kabla ya kupima kwa giza, kifaa cha volti 12 kisichomekwe kwenye betri moja ya pacha, kueni na mtungi hata mkiwa na friji, someni namba za tairi, shukeni milima kwa gia, na moto wowote usilale na watu. Kisha, mkisharejea nyumbani, chukueni karatasi na muandike majina ya wote wenye haki ya kumtumikia mzazi wenu, na mbele ya kila jina, kazi aliyoifanya wiki hii. Msijumlishe.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.